MacBook inazimika, ikiwaka inarudi palepale: kiendelezi kilichozuiwa

Swali la msomaji:

"Assalaam alaykum fundi. Nina studio ndogo ya picha na video za harusi hapa Unguja. Kaka yangu anaishi Muscat, naye ndiye anayehariri video zangu. Ameweka seva ya Linux nyumbani kwake na anataka folda za seva hiyo zionekane kwenye kompyuta yangu kana kwamba ni diski niliyoichomeka. Ameniambia nisakinishe macFUSE na SSHFS, programu mbili za kufanya kazi hiyo. Kompyuta ni MacBook Air M1 yenye macOS Sonoma, iliyokwishatumika. Aliinunua hukohuko Muscat akanipa mtu aniletee. Kila tukisakinisha linatokea tangazo kwamba kiendelezi cha mfumo kimezuiwa. Kaka anaingia kwenye kompyuta yangu kwa mbali, anabofya kitufe, mashine inazimika. Nikiiwasha, hali ni ileile. Tumeshafanya hivyo mara sita. Kuna mtu ametushauri tuandike csrutil disable. Tufanye?"

Jibu:

Waalaykum salaam dada. Nianze na la mwisho kwa kuwa ndilo lenye hatari: hapana, msiandike amri hiyo. Inazima ulinzi mwingine kabisa, ule unaozuia programu yoyote, hata iliyopewa mamlaka ya juu, isiguse mafaili ya mfumo wenyewe. Kwenye mashine za M1 na zilizofuata, amri hiyo huishusha kompyuta hadi ngazi ya chini kabisa kati ya ngazi tatu za usalama. macFUSE inahitaji ngazi ya kati tu. Aliyewashauri huenda aliona mtu mwingine akifanya hivyo, kazi ikaenda, naye akaondoka na amri bila kuondoka na sababu.

Sasa hiyo mashine inayozimika. Si ubovu, wala macFUSE haijaharibika. Kitufe anachobofya kaka yako kimeandikwa "Enable System Extensions", na kisanduku kinachofunguka baada yake kinaeleza mambo mawili: zima kompyuta, kisha ubonyeze na kushikilia kitufe cha kuwashia mpaka uingie sehemu ya uokoaji, ubadilishe sera ya usalama huko. Kaka yako anasoma nusu ya kwanza, anabofya "Shutdown", na hapohapo muunganisho wake unakatika. Wewe huku Unguja unaona skrini nyeusi, unagusa kitufe kama unavyokigusa kila asubuhi, mashine inawaka kawaida. Nusu ya pili ya maagizo haijawahi kufanywa na mtu yeyote. Mngeweza kurudia mara sitini.

Na hata kaka yako angesoma mpaka mwisho, asingeweza kuifanya. Apple wameijenga hatua hii makusudi isifanyike kwa mbali. Kompyuta inahakikisha kwamba kitufe halisi kimeshikiliwa na kidole halisi, ndipo iruhusu sera ibadilishwe. Ukiingia sehemu ya uokoaji kwa njia nyingine yoyote, kwa mfano kwa amri iliyoandikwa ndani ya macOS, utaziona menyu zilezile lakini mabadiliko yatakataliwa. Kwa hiyo kazi iliyobaki ni yako wewe uliyekaa mbele ya mashine. Kaka akae kwenye simu, asome maagizo.

Ni vizuri mjue kwa nini wamekuwa wakali hivi, maana mtu akijua sababu hatafuti njia za mkato. Ndani ya kila mfumo wa kompyuta kuna kiini kinachoitwa keneli. Ndicho kinachogawa kumbukumbu, kinachozungumza na diski, kinachoamua programu gani iendeshwe sasa na ipi ingoje. Programu ya kawaida ikianguka, inaanguka peke yake. Kitu kilichokaa ndani ya keneli kikianguka, kompyuta nzima inakwenda nacho. Mtakumbuka tarehe 19 Julai 2024, siku viwanja vya ndege na benki duniani vilipokwama: faili moja bovu la masasisho ya CrowdStrike, programu ya usalama inayokaa ndani ya keneli ya Windows, liliangusha kompyuta takriban milioni 8.5 kwa hesabu ya Microsoft wenyewe. Kompyuta za Mac hazikuguswa, kwa kuwa faili hilo lilikuwa la Windows; lakini Apple nao walishaanza zamani kuwasukuma wageni watoke nje ya keneli. Mwaka 2017, kwenye High Sierra, toleo la macOS la wakati huo, walianza kumtaka mwenye kompyuta akubali kwanza kabla kiendelezi cha keneli (kipande cha programu kinachoingia ndani ya keneli) cha kampuni nyingine hakijapakiwa. Mwaka 2019 wakaleta aina mpya ya viendelezi vinavyofanya kazi nje ya keneli. Mwaka 2020, zilipotoka mashine za M1, mlango wa keneli ukafungwa moja kwa moja, na anayetaka kuufungua lazima apitie sehemu ya uokoaji kwa kidole chake.

macFUSE ni mgeni wa zamani wa keneli. Ilianza mwaka 2007 kwa jina la MacFUSE, kazi ya Amit Singh alipokuwa Google, ikaja kuitwa OSXFUSE, na sasa inatunzwa na Benjamin Fleischer. Nalitaja jina hilo kwa sababu utakutana nalo kwenye skrini: tangazo litasema programu ya mfumo kutoka kwa msanidi "Benjamin Fleischer" imezuiwa. Watu wengi wakiona jina la mtu badala ya la kampuni wanadhani ni virusi, wanafunga. Si virusi, alimradi mmepakua kutoka tovuti yake rasmi na si faili mlilotumiwa WhatsApp. Mkitaka uhakika, fungueni Terminal, programu ya Mac ya kuandikia amri, andikeni pkgutil --check-signature, achieni nafasi moja, kisha buruteni faili la kusakinishia mlidondoshe hapo na mbonyeze Return. Mstari wa saini lazima uwe na jina hilohilo pamoja na namba 3T5GSNBU6W.

Kabla hujagusa kitufe cha kuwashia, kuna jambo linalonitia wasiwasi kuliko macFUSE yenyewe. Umesema mashine imetumika na imenunuliwa Muscat. Kompyuta nyingi za Apple zinazouzwa mkono wa pili, iwe Ghuba, Uingereza au Marekani, zilikuwa mali ya makampuni, na makampuni huzisajili kwa Apple ili yazisimamie kwa mbali. Usajili huo haufutiki kwa kufuta diski. Niliwahi kuletewa MacBook nzuri, safi, iliyonunuliwa duka moja la mjini, na mwenyewe akalalamika kwamba kila programu anayoisakinisha inakataliwa na msimamizi. Nikaifuta yote, nikaanza upya, nikaiunganisha na Wi-Fi. Hazikupita dakika mbili: skrini ikasema kompyuta hii inasimamiwa, na jina la kampuni ya nchi za mbali likatokea kwa herufi kubwa. Mteja akanitazama kana kwamba ni mimi niliyeliandika.

Kwa hiyo fungua Terminal uandike:

profiles status -type enrollment

Itakujibu kwa mistari miwili. Yote ikisema No, ni dalili njema, lakini usiishie hapo, kwani kuna wauzaji wanaojua kuiandaa mashine bila intaneti ili usajili usijitokeze mapema. Unganisha intaneti, kisha andika:

sudo profiles show -type enrollment

Hii inakwenda kuwauliza Apple wenyewe. Jibu likiwa na neno null, hakuna kampuni iliyoidai mashine. Likirudi na jina la shirika na maelezo marefu, basi kompyuta hiyo bado ina mwenyewe kwenye madaftari ya Apple. Hapo simama. Shirika likiwa limeweka sera inayowakataza watumiaji kuidhinisha viendelezi visivyo kwenye orodha yake, utaingia uokoaji, utabadilisha kila kitu, utarudi, na bado utaambiwa hairuhusiwi. Dawa ni moja: kaka yako arudi kwa muuzaji, muuzaji arudi kwa kampuni, kampuni iitoe mashine kwenye usajili wake. Zipo video zinazofundisha kuukwepa usajili huo. Mimi siwafundishi, na si kwa kuogopa lawama tu: ukishaukwepa, siku utakapoifuta mashine au kuisakinisha upya, unarudi mwanzo, na huenda ikawa siku ya harusi ya mtu.

Jambo la pili la kukagua ni dogo. Kubadilisha sera kunahitaji nywila ya mtumiaji anayetambulika kuwa mmiliki wa mfumo huo. Kama kaka yako ndiye aliyeiandaa mashine, akajifungulia akaunti yake, kisha akakufungulia wewe ya pili, huenda yako haina haki hiyo. Andika:

sysadminctl -secureTokenStatus $(whoami)

Ikijibu ENABLED, endelea. Ikijibu DISABLED, utahitaji nywila ya akaunti ya kaka. Bora uipate sasa, yeye akiwa macho, kuliko kuitafuta ukiwa katikati ya kazi.

Haya, chaji betri ijae, umeme wetu unaujua. Sakinisha macFUSE kama mlivyofanya, tangazo litokee, lifunge. Kisha zima kompyuta kupitia menyu ya tufaha, subiri skrini iwe nyeusi kabisa na uhesabu mpaka kumi. Weka kidole kwenye kitufe cha Touch ID, kile cha kona ya juu kulia ya kibodi, ubonyeze na usiachie. Alama ya tufaha itatokea, usiachie. Chini yake kutaandikwa kwamba chaguo za kuanzia zinapakiwa. Hapo ndipo uachie.

Hapa ndipo watu wanapokosea. Wapo wanaobonyeza mara moja, wanaachia, wanakumbuka, wanabonyeza tena na kushikilia. Kubonyeza mara mbili hivyo kunafungua sehemu nyingine ya uokoaji, ya akiba, inayofanana sana na ile ya kwanza, lakini haina uwezo wa kubadilisha sera ya usalama. Utazunguka kwenye menyu ukitafuta kitu kisichokuwepo. Ni mbonyezo mmoja, mrefu. Na wale waliowahi kuwa na MacBook za Intel wanashika vidole vyao kwenye Command na R kwa mazoea. Kwenye M1 hiyo haina kazi.

Ukishaingia utaona picha ya diski na gia iliyoandikwa "Options". Chagua gia, uendelee, uchague akaunti yako, uweke nywila. Juu ya skrini kuna menyu ya "Utilities", na ndani yake "Startup Security Utility". Itakuonyesha diski au mifumo iliyopo. Ukiona mfumo zaidi ya mmoja, chagua ule unaoutumia kila siku, kwani kwenye M1 kila mfumo una sera yake, na kubadilisha wa jirani hakukusaidii kitu. Diski ikiwa imefungwa kwa FileVault, yaani ulinzi wa Apple unaoificha diski kwa nywila, itakuomba uifungue kwanza. Bofya "Security Policy". Utaona "Full Security" ndiyo iliyochaguliwa. Chagua "Reduced Security", na chini yake weka alama kwenye kisanduku cha kwanza, kinachozungumzia kumruhusu mtumiaji asimamie viendelezi vya keneli kutoka kwa wasanidi wanaotambulika. Kisanduku cha pili ni cha makampuni yanayosimamia mashine zao kwa mbali. Kiache. Weka nywila, subiri imalize, uwashe upya.

Wengi hudhani wamemaliza. Bado. Ulichofanya ni kuiambia kompyuta kwamba unaweza kuruhusu, hujaruhusu chochote. Rudi "System Settings", nenda "Privacy & Security", shuka mpaka chini. Sasa badala ya kitufe cha awali utaona ujumbe wenye jina la Fleischer na kitufe cha "Allow". Kibofye kwa mkono wako, kwa padi ya kompyuta yenyewe, na kaka awe ametoka kwenye skrini yako. Tangu High Sierra, idhini ya viendelezi vya keneli imewekewa kinga dhidi ya mibofyo inayotengenezwa na programu, ili virusi visijiidhinishe vyenyewe. Programu za kudhibiti kompyuta kwa mbali, na hata baadhi ya programu za kuongeza ujanja kwenye mausi, zinaingia humohumo: kitufe kinaonekana, kinabofywa, kinakaa kimya kama hakijasikia. Nimeona mafundi wawili wakisakinisha upya mfumo mzima kwa sababu ya kitufe ambacho mwenye kompyuta angekibofya mwenyewe kikakubali.

Kama ujumbe haupo kabisa, usishtuke. Ombi hilo lina muda wake. Baada ya kama nusu saa linaondoka. Funga "System Settings", jaribu tena kufungua folda ya seva ili macFUSE iombe upya, kisha urudi kutazama. Ikikataa tena, ondoa macFUSE, andika sudo kmutil clear-staging, washa upya, sakinisha tena. Amri hiyo inasafisha mahali ambapo mfumo huweka nakala za viendelezi vinavyongoja kukubaliwa; nakala ya zamani ikikwama pale, mpya haionekani.

Baada ya "Allow", weka nywila, washa upya kwa mara ya mwisho. Sasa jaribu:

mkdir ~/seva
sshfs jina@anwani:/njia/ya/folda ~/seva

Jina, anwani na njia atakupa kaka. Kuhusu SSHFS yenyewe, ichukue kwenye tovuti ileile ya macFUSE. Amri ya brew install sshfs inayotajwa kwenye maelezo ya zamani haifanyi kazi tena kwenye Mac, kwa kuwa Homebrew, wanaosambaza programu kwa amri ya brew, waliziondoa programu zinazotegemea macFUSE.

Kama kaka atataka kuthibitisha, mwambie asitumie systemextensionsctl list. Amri hiyo inaorodhesha viendelezi vya aina mpya tu, vile vya nje ya keneli, na itamwambia kuna sifuri, naye atakupigia akisema kazi imeharibika. Atumie kmutil showloaded | grep -i fuse, na aitumie baada ya folda kufunguliwa walau mara moja, kwa sababu macFUSE haipakii kiendelezi chake mpaka kihitajike.

Ukifika hapo kuna kizuizi kingine kidogo, nacho ni cha aina tofauti. Folda itaonekana kwenye Finder, lakini programu yako ya kuhariri itasema haina ruhusa. Huo sasa si ulinzi wa keneli, ni ulinzi wa faragha. Mara ya kwanza programu inapotaka kusoma diski ya mtandao, macOS inakuuliza, na ukibofya kukataa, haiulizi tena hata mwaka mzima. Nenda "Privacy & Security", kisha "Files & Folders", utafute jina la programu, uwashe "Network Volumes". Jina lisipokuwepo, andika tccutil reset SystemPolicyNetworkVolumes, fungua programu upya, itakuuliza. Safari hii kubali.

Hayo ndiyo majibu ya ulichouliza. Sasa ngoja niseme ambalo hukuliuliza, na naomba umsomee kaka yako bila kumuudhi, maana seva yake ameijenga vizuri na nia yake ni njema.

Kwa kazi yenu, mimi nisingepita njia hii kabisa. SSHFS ni nzuri kwa mtu anayefungua mafaili madogo: barua, maandishi, msimbo wa programu. Nyinyi mna video. Kamera nyingi za harusi siku hizi zinarekodi 4K kwa kiwango cha megabiti 100 kwa sekunde. Chukulia intaneti yako inapitisha megabiti 10 kwa sekunde, ambayo kwa wengi wetu ni siku njema. Video hiyo ni nzito mara kumi kuliko mrija unaopita. Dakika moja ya picha itachukua dakika kumi kufika, na ukiburuta kidole kwenye mstari wa muda ili uone bibi harusi anaingia ukumbini, programu itaganda, kisha Finder itaganda, kisha utalaumu macFUSE. Harusi ya gigabaiti 200 kwa kasi hiyo inahitaji kama saa 44 za kupandisha mfululizo bila kukatika hata mara moja. Hakuna ruhusa ya mfumo inayotibu hilo, na SSHFS muunganisho ukikatika katikati ya nakala, faili linabaki nusu.

Mnachohitaji ni kusawazisha, si kufungua diski kwa mbali. Tumieni Syncthing. Ipo tangu 2013, ni ya bure, msimbo wake uko wazi, inafanya kazi kwenye Linux ya kaka yako na kwenye M1 yako, na haihitaji kiendelezi chochote cha keneli. Maana yake safari yote niliyoieleza hapo juu, ya kidole na uokoaji na sera, mngeiruka. Folda inakuwa na nakala kamili pande zote mbili. Wewe unaweka mafaili usiku, unalala, inapandisha polepole; umeme ukikatika saa nane, ukirudi saa kumi inaendelea ilipoishia, kwa kuwa inakata mafaili vipande na kujua vipi vimefika. Faili likibadilika kidogo, vinakwenda vipande vilivyobadilika tu. Mawasiliano yanasafiri yakiwa yamefichwa, na kila kompyuta inamkubali mwenzake kwa kitambulisho kirefu mnachobadilishana mara moja.

Itakuomba ruhusa, lakini ni za kawaida: kufikia folda kama utaweka kazi kwenye Desktop au Documents, na ukija kupanda hadi Sequoia au toleo la baadaye, ruhusa ya kuona mtandao wa ndani. Hizo ni za kubofya tu. Ushauri wangu weka folda ya kazi moja kwa moja ndani ya folda yako ya nyumbani, kwa mfano ~/Harusi, na swali la Desktop halitakuwepo.

Kwa harusi zenyewe, tengeneza kwanza nakala nyepesi za video, zile wahariri wanazoziita proksi, ndizo zianze kwenda. Kaka akate na kupanga kwa hizo. Mafaili mazito yafuate nyuma taratibu, au yasubiri mtu anayesafiri na diski mkononi. Ndege ya Muscat bado ina kasi kuliko mrija wetu.

Kama kaka atashikilia kwamba anataka folda ifunguke moja kwa moja kwa ajili ya mikataba na ankara, hilo linawezekana bila kugusa keneli. Seva ya Linux inaweza kutoa folda kwa Samba, programu ya kushirikisha folda kwenye mtandao, na Finder ya Mac inajua kuifungua yenyewe kupitia "Connect to Server", mradi mmeweka VPN, yaani njia ya faragha ndani ya intaneti, kati yenu. Msiiweke Samba wazi kwenye intaneti. Na kama ataamua kwamba lazima iwe macFUSE, toleo la 5 lina njia mpya isiyopita kwenye keneli, lakini njia hiyo inahitaji macOS mpya kuliko Sonoma yako. M1 yako inaweza kuifikia. Ningesubiri hilo kuliko kushusha usalama wa mashine ya studio inayobeba picha za wake za watu.

Na endapo utakuwa umeshafuata hatua za juu kabla ya kusoma mpaka hapa: kwenye "System Settings" shuka chini ya orodha uone macFUSE, ndani yake kuna kitufe cha kuiondoa. Kisha rudi uokoaji kwa kidole kilekile, kwenye dirisha lilelile, uchague "Full Security". Zile amri mbili za profiles, ziandike hata kama hutasakinisha kitu chochote. Ukikuta jina la kampuni, mwambie kaka yako aende kwa muuzaji wiki hii, kabla risiti haijapotea.